Tausi Aliyeifunza Mashine Kusikiliza

Watu wa Bondeni hawana dogo. Ukinunua kitanda Jumatatu, Jumanne wanajua mbao zake zilipasuliwa wapi. Kwa hiyo ilipofika Februari mwaka 1995, mtaa mzima ulishajua kwamba Tausi binti Abdulwahab yumo katika orodha ya watumishi watakaopunguzwa kazini, na ulijua pia lile lililochoma zaidi: orodha yenyewe aliichapa yeye mwenyewe.

Ni kweli. Bwana Hezroni, mkuu wa ofisi ya vipimo vya mito na mvua pale Kyela mjini, alileta karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akaiweka kando ya mashine ya chapa bila kumtazama usoni, akatoka haraka kama mtu aliyesahau chungu motoni. Majina kumi na mawili. Tausi alichapa la kwanza, la pili, la tatu, na alipofika la saba akalikuta lake. Vidole havikusimama. Alilichapa kwa herufi kubwa kama mengine, bila kosa, akamaliza, akachomoa karatasi na kuipeleka mezani kwa mkuu. Kisha akaenda nyuma ya jengo, kwenye migomba, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Sitaki kumpamba. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ameachika, amerudi kwa baba yake, na kazi ile ndiyo iliyomfanya apite sokoni akiwa ameinua kichwa.

Bwana Hezroni akamfuata huko huko.

"Binti Abdulwahab, nisamehe. Mdomo ulinishinda."

"Kalamu haikukushinda, mzee."

Hezroni akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga, na mwoga akiwa mkuu wa ofisi huleta madhara yale yale ya mtu mbaya. Akaeleza. Serikali inapunguza watu kila mahali, na hilo halina mjadala. Lakini kwa Kyela kulikuwa na jambo jingine. Barua kutoka mkoani ilisema kompyuta ya ofisi ichukuliwe, ipelekwe Mbeya mwishoni mwa Aprili, kwa kuwa Kyela nzima hakuna anayeweza kuitumia isipokuwa mpiga chapa mmoja. "Mashine inayotegemea mtu mmoja si mashine, ni mtu," ndivyo walivyoandika.

"Kama wasoma vipimo wenyewe, hao wanaotuletea habari za mito kutoka vijijini, wangeweza kukaa mbele yake na kuiingizia namba zao," Hezroni alisema, "ningekuwa na hoja. Mashine ikibaki, lazima na wewe ubaki, maana itahitaji mlezi. Ikiondoka, sina la kukutetea."

"Wiki ngapi?"

"Tisa. Kumi tukiomba Mungu."

Tausi akapangusa pua kwa ncha ya khanga. "Basi naomba kompyuta iwe yangu hizo wiki tisa. Asiiguse mtu."

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, maana msomaji atajiuliza mpiga chapa alifikaje mbele ya kompyuta.

Abdulwahab, baba yake, alitoka Kilwa akiwa kijana, akafungua duka Bondeni, akaoa huko huko. Miaka ya shida duka lile lilikuwa na viberiti, chumvi na maneno. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, rafu zikajaa tena: sabuni za kila rangi, betri, vitenge vya kutoka ng'ambo ya mpaka. Tausi alikulia nyuma ya kaunta, akizungumza Kiswahili cha baba na Kinyakyusa cha wateja. Shule ilimwacha kidato cha pili. Baba akampeleka kujifunza kupiga chapa, na kwa jambo hilo Mwenyezi Mungu alikuwa amemjalia: vidole vyake vilikuwa vinakwenda kabla macho hayajamaliza kusoma.

Kompyuta ililetwa na mzungu mmoja wa Denmaki, mtaalamu wa maji, mrefu, mwenye soksi mpaka magotini. Wanyakyusa, ambao majina yao ya ukoo huanza na Mwa, walimpa na yeye ukoo wake: Mwamaji. Lugha aliyoiweka Mwamaji ndani ya mashine ile ilikuwa ya alama tupu. Vishale, viduara, vinyota, pembetatu, visanduku. Alibandika vikaratasi kwenye vibonye ili mtu ajue alama gani iko wapi. Maofisa wawili wenye stashahada walikuja, wakatazama, wakasema hiyo si lugha, ni uganga. Wao walizoea kompyuta inayoamriwa kwa Kiingereza.

Tausi aliona nafuu. Kiingereza ndicho kilichokuwa kinamwaibisha kila mahali, na hapa hakikuwepo. Alama ni alama. Mdenmaki na mtoto wa mwenye duka wote wanaanzia sifuri. Tena lugha ile ilifanya hesabu zake kuanzia kulia kwenda kushoto, jambo lililowaumiza kichwa maofisa, lakini Tausi alisoma Kurani chuoni tangu ana miaka sita na macho yake yalijua njia hiyo. Na kitu kikubwa kuliko vyote: lugha ile haikushika namba moja moja. Ilishika safu nzima, mafungu kwa mafungu, ikayafanyia kazi kwa mpigo mmoja. Mwamaji alihangaika sana kulieleza hilo, akichora mistari ubaoni, mpaka Tausi akamhurumia.

"Bwana, nimekuelewa. Hakuna anayepepeta mchele punje moja moja."

Mwamaji alicheka mpaka miwani ikaanguka, na kuanzia siku hiyo akaacha kuwafundisha maofisa, akamfundisha yeye. Si kwamba kila kitu kilikuwa rahisi. Mashine za chapa za zamani hazikuwa na kibonye cha moja. Mpiga chapa alitumia herufi l ndogo, na ikafaa. Kwa wiki mbili vidole vya Tausi vilikuwa vinachapa L2 badala ya 12, na kompyuta inamkemea, na yeye anaitukana kwa Kinyakyusa ili Mwamaji asielewe. Lakini alizoea. Mwaka 1993 fedha za mradi zikakatika, Mwamaji akaondoka akilia waziwazi, akamwachia kitabu kinene na funguo za chumba. Tangu hapo kila Jumatatu wasoma vipimo walipoleta habari za mito, wao walisema kwa mdomo na Tausi akaingiza. Hesabu zilitoka, ofisi ikajua wapi maji yanatishia mashamba ya mpunga, wajumbe wakatumwa kuonya watu. Kila mtu aliridhika, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje Tausi asipokuwepo, isipokuwa Mbeya.

Sasa turudi kwenye wiki tisa.

Tausi alifikiri kazi ni ndogo. Katika lugha ile kuna alama ya kisanduku kitupu, mraba mdogo tu. Ukikiweka ndani ya programu, kompyuta husimama, humngoja mtu aandike kitu kwenye vibonye, kisha huchukua alichoandika na kuendelea. Aliweka maneno MAJI NA MVUA, akaweka kisanduku, akajaribu mwenyewe kwa namba mbili. Ikapokea. Siku moja tu ya kazi! Akaenda nyumbani akiimba.

Jumatatu akaja Mzee Ambilikile kutoka Talatala. Huyu alikuwa mkulima wa mpunga, miaka sabini na kitu, aliyejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima na tangu hapo hakuacha kusoma chochote, hata karatasi za kufungia maandazi. Alisoma kipimo cha mto kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano bila kukosa siku hata moja, isipokuwa siku aliyozika mkewe. Tausi akamketisha mbele ya kioo cha kompyuta. Mzee akavua kofia, akaiweka magotini, akatulia.

Zikapita dakika tatu.

"Tata, andika," Tausi akasema, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kiniamkie. Mimi nimeingia kwake, nimekaa kitini, kinaniuliza maji! Hata mtoza kodi huanza na ugonile."

Tausi akang'ata mdomo. "Basi anza wewe, tata. Wewe ndiye mkubwa kwa busara."

Mzee akaona ni haki. Kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano kwenye makapi, akaandika UGONILE, akabonyeza. Kompyuta ikalia mlio mkali, ikaandika maneno ya Kiingereza, kisha ikauliza upya.

"Inasema nini?"

"Inasema... haikitambui ulichoandika."

"Haitambui salamu?" Mzee Ambilikile akavaa kofia. "Mwanangu, maji leo ni mia moja sabini na sita, mvua kumi na mbili. Nimekuambia wewe. Hiyo, mwambie mwenye nayo aifundishe adabu kwanza." Akatoka.

Alifuata Mama Naomi wa Mwaya, mkulima wa kakao na kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Yeye alikuwa tayari kumsaidia Tausi kwa moyo wote. Akaandika neno moja, MAJI, akabonyeza, ili aanze na mada halafu afuatishe namba. Maskini hakujua tabia ya kile kisanduku. Kisanduku kitupu hakipokei unachoandika hivi hivi. Hukifanyia hesabu papo hapo. Ukiandika mbili jumlisha tatu, kinachukua tano. Na ukitaja jina la kitu kilichohifadhiwa ndani, kinakwenda kukileta chote. Tausi alikuwa amehifadhi vipimo vya mwaka mzima uliopita, na ghala hilo aliliita MAJI. Kompyuta ikauchukua mwaka wote wa 1994 na kuuweka kuwa kipimo cha asubuhi ile ya Mwaya. Kioo kikafurika namba mpaka juu.

"Yesu wangu, nimeivunja!" Mama Naomi akaruka na kiti kikaanguka.

Bwana Hezroni alichungulia mlangoni, akaona kiti chini, akaondoka bila kusema kitu. Tausi angependa aseme.

Wiki tatu zilizofuata alizipoteza akiwafundisha watu. Aliandika maelekezo ukutani: namba tu, usiandike maneno. Aliwashika vidole. Akawaambia kwa ukali, hata Mama Naomi akamuuliza kama nyumbani wamelala salama. Haikusaidia. Jumatatu ya tatu Mzee Ambilikile, aliyekuwa amekubali kurudi kwa kubembelezwa, aliandika polepole SALAMA TU ILA 198, na mashine ikalia ule mlio wake. Tena Tausi hakuwa na haki ya kumlaumu, maana ndivyo tulivyo sote. Nyumba ya mtu iwe inaungua, umuulize habari, atakwambia nzuri tu, ila nyumba inaungua.

Alikata tamaa, na niseme wazi kwamba alikata kabisa. Jumamosi akakaa dukani kwa baba yake, hana hamu hata ya kufukuza nzi. Akaingia mama mmoja kutoka vijijini. Akasalimia, akauliza hali ya wote, akaeleza ugonjwa wa shemeji yake, safari ya mwanawe Tukuyu, mvua ilivyoangusha migomba, akamsifu Tausi kwa kunenepa. Abdulwahab akaitikia kila jambo, mkono wake ukiwa tayari kwenye mizani, na mama alipotaja katikati ya maneno kwamba wageni wa shemeji wanakunywa chai sana, mzee akachota sukari nusu kilo, akafunga, akampa.

Tausi akasimama wima nyuma ya kaunta.

"Baba, umejuaje anataka nusu?"

"Amesema."

"Amesema wapi? Amesema mengi!"

"Mteja hakatizwi, mwanangu. Unasikiliza yote, unachukua lako, mengine unamwachia Mungu."

Miaka yote Tausi aliona baba yake anapoteza muda na wateja. Siku ile alimbusu mkono, akachukua khanga, akaenda mbio ofisini Jumamosi mchana kama mtu aliyeambiwa ofisi inafurika. Wasoma vipimo hawakuwa na kosa. Aliyetakiwa kufundishwa ni mashine.

Kitabuni, ukurasa ambao Mwamaji hakuwahi kuufikia naye, kulikuwa na kisanduku cha pili. Kilifanana na kile cha kwanza ila ndani yake kimesimama kijistari kidogo. Alisoma ukurasa ule kwa kamusi, neno kwa neno, akiapa na kufuta jasho. Kisanduku cha kwanza kinafikiri kabla ya kusikia. Hiki cha pili kinasikia tu. Chochote utakachoandika, namba, salamu, kilio, kinakichukua kama kilivyo, herufi kwa herufi, safu moja ndefu, na kukuwekea mkononi. Na safu ndefu ndicho kitu ambacho lugha ile inakijua kuliko vyote! Tausi akaandika mstari mmoja. Mmoja tu. Chukua safu yote. Kila herufi iliyo tarakimu, iache. Kila isiyo tarakimu, iweke nafasi tupu. Kinachobaki kigeuze namba. Akajaribu: SALAMA TU ILA 198 NA MVUA 20. Kioo kikamjibu: 198 20.

Akapiga kigelegele peke yake chumbani. Mlinzi akaja na rungu.

Furaha ile ilidumu mpaka Jumatatu. Mama Naomi akaandika kwa raha zake, kwa mara ya kwanza bila mlio, na Tausi akaona maji ya Mwaya ni 2 na mvua ni 187. Akajaribu tena, tena ile 2 mbele. Alikesha kwa mawazo siku mbili akitafuta kosa kwenye ule mstari wake wa kupepeta, na mstari haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye swali. Alikuwa ameandika KITUO 2, MAJI NA MVUA, na kumbe kisanduku cha pili kina desturi yake: kinapokurudishia jibu, kinakurudishia na swali lako likiwa limetangulia. Namba ya kituo ilikuwa inapita kwenye ungo pamoja na vipimo. Dawa ikawa fupi: hesabu herufi za swali, kata idadi hiyo mwanzoni mwa jibu, kisha pepeta.

Alipofika hapo akawa mtu mwingine. Hakuishia kwenye linalotosha. Akaiweka mashine ianze kwa MUGONILE, kwa heshima ya wakubwa, na jina la anayekuja. Akaiweka irudie ilichosikia na kuuliza kama ni kweli, kama anavyofanya mjumbe mwenye akili anapotumwa. Na kwa kuwa alijua ukimuuliza mtu maji atakuhesabia na ng'ombe, akaiweka ihesabu namba ilizozipata. Zikizidi mbili, au zikipungua, isikemee, iombe upya.

Mhandisi Ezra alifika kutoka Mbeya Jumatatu, tarehe ishirini na nne Aprili, mvua inamwagika, na pikapu yenye kamba na turubai. Alikuwa kijana, nadhifu, mwenye haraka. Alitoa salamu moja kwa watu wote kwa pamoja kama anayerusha mahindi kwa kuku. Bwana Hezroni akakohoa, akakohoa tena, halafu, namsifu kwa hili, akasema: "Mhandisi, kabla hujafunga kamba, naomba uwaone wasoma vipimo wakiitumia."

"Wao? Au yeye?" Ezra akamwelekezea Tausi kalamu.

"Wao."

"Basi binti atoke nje. Nimeshaonyeshwa maonyesho mengi."

Tausi akatoka, akasimama barazani upande wa dirishani, mvua inamrushia mgongoni. Aliweza kuona visogo vya watu lakini si kioo. Kila alichokuwa nacho sasa kilikuwa ndani ya mistari arobaini ya alama, na hakuweza kuinyoosha hata kwa kidole.

Mzee Ambilikile akaketi, maji yanamchuruzika. Alikuwa na mazoea ya kutamka anachoandika, na leo Tausi alimshukuru Mungu kwa mazoea hayo.

"Ndaga... asante mwanangu. Huku... ni kwema tu. Ila... maji... 312. Na mvua... 94. Tuombeane." Akabonyeza.

Hakuna mlio. Kisha sauti ya mzee, akisoma kwa heshima: "Nimesikia, tata Ambilikile. Maji 312, mvua 94. Ni kweli?" Akageuka kwa Ezra. "Ni kweli kabisa. Niliingia majini mpaka kiunoni kukisoma."

"Ondoka, nikae mimi," Ezra akasema.

Tausi akashika nondo za dirisha. Mhandisi akavuta kiti, akabonyeza, akaanza moja kwa moja kuandika.

"Hujaitikia," Mzee Ambilikile akamwambia kwa upole juu ya bega. "Imekuamkia hapo juu."

"Mzee, hii ni mashine."

"Mashine ni hiyo. Wewe ni mtu."

Mama Naomi akacheka ile sauti yake ya mtaa wa pili. Ezra akaona aibu, akaandika neno la kuitikia, kisha akaandika mtego wake, na kwa kuwa wote walikuwa wanachungulia, Mama Naomi akausoma kwa sauti: "Nina watoto 5, maji 240, mvua 12." Akabonyeza kwa nguvu. Tausi akafumba macho.

"Nimesikia namba tatu," Mama Naomi akasoma, sauti ikipanda, "5, 240, 12. Naomba mbili tu: maji, kisha mvua. Haya, jibu, baba watoto!"

Ezra akaandika maneno matupu bila namba. Ikamwambia haijasikia namba, ajaribu tena taratibu. Akaandika herufi za ovyo. Akabonyeza bila kuandika kitu. Kila mara ikamngoja na kumwomba upya, na kila mara kisogo chake kikazidi kutulia. Mwishowe akamuuliza Mama Naomi kipimo cha Mwaya cha asubuhi ile, akakiandika kama mtu mzima, ikapokea. Akabonyeza kuona jumla, na safu za vituo vyote zikapanda kwenye kioo, tarehe ya siku ile, alama ya nyota ikiwa mbele ya Talatala na Mwaya ambako maji yalikuwa yamevuka mstari wa hatari.

"Hizi ni za lini?"

"Za leo asubuhi," Hezroni akasema.

"Za leo!" Akakaa akizitazama. "Sisi barua zenu hutufikia baada ya siku nane."

"Siku nane mpunga wangu umeshafika Malawi," Mzee Ambilikile akasema, na wajumbe wawili walikuwa tayari wamechukua baiskeli zao kwenda kuonya watu wa mabondeni.

Ezra akaja dirishani mwenyewe. Tausi alikuwa ameloa mpaka kwenye mtandio.

"Nani amekuandikia hii programu?"

"Nimeandika mwenyewe."

Akamtazama Hezroni, kana kwamba anahitaji mwanamume wa kuthibitisha. Hezroni, mwoga yule, akajinyoosha. "Nimemwona kwa macho yangu, mhandisi. Na mimi ndimi niliyeweka jina lake kwenye ile orodha. Nilikosea. Naomba nilitoe."

"Litoe," Ezra akasema. "Na mashine haiendi popote." Akampungia dereva aliyekuwa anafungua turubai. Kisha akarudi dirishani, sasa bila haraka. "Dada Tausi, tunayo nyingine kama hii Mbeya, imefunikwa kitambaa mwaka wa pili, hakuna anayeiweza. Nitaomba uje wiki mbili uwafundishe vijana wangu. Wamemaliza chuo kikuu."

Tausi akafikiria Mbeya, akafikiria pikapu iliyokuja kumnyang'anya, akafikiria maji yaliyovuka mstari. Alikuwa na furaha kiasi cha kutaka kukimbia uwanjani akicheza mvuani, na kwa sababu hiyo hiyo sauti yake ikatoka taratibu sana.

"Siwezi kuondoka, mhandisi. Mito inapanda. Waje wao Kyela."

Mama Naomi akashukuru, ndaga fijo, kwa niaba ya wilaya nzima.

Wakaja wawili mwezi Juni, na viatu vinavyong'aa. Bondeni nzima ilitoka vibarazani kuwatazama wakipita kwenda kwa binti Abdulwahab. Aliwaweka mbele ya kioo akawaanzishia kwenye kisanduku chenye kijistari, maana aliona hapo ndipo penyewe, na siku mbili za kwanza waliandika kimya bila kumuuliza kitu, kwa kiburi. Siku ya tatu mmoja akakwama. Akahangaika, akakuna kichwa, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu."

Tausi akageuka mlangoni kutazama ni nani aliyeingia. Mlango ulikuwa umefungwa. Akageuka tena, akavuta kiti chake, akaenda kumwonyesha.